Skuli ya Biashara na Kamba za Mwani

Maelezo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya ushirika vya Unguja



Mtu anayetoka Mjini kwa njia ya Dunga hufika Chwaka, na huko hukuta chuo. Kwa miaka mingi kilijulikana kuwa ni Chuo cha Uongozi wa Fedha. Mwaka 2016 kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na leo ndiyo Skuli ya Biashara ya chuo kikuu hicho. Darasani, vijana husoma uhasibu, fedha na uendeshaji wa biashara. Ghubani, maji yanapotoka wakati wa bamvu, wanawake huingia na vijiti na kamba kufunga mwani. Kwa miguu, umbali baina ya madarasa hayo na ufukwe wa Chwaka ni mdogo. Kwa hesabu za biashara umbali huo ni mkubwa sana, nao ndio unaozungumzwa katika maelezo haya.

Inapotajwa kwamba chuo kikuu kisaidie uchumi unaosukumwa na teknolojia, watu wengi hufikiria mashine na kompyuta. Si makosa. Mwezi Novemba 2023 tawi la chuo mashuhuri cha ufundi cha India, IIT Madras, lilifunguliwa Bweleo, na somo lake la kwanza lilikuwa sayansi ya data na akili ya mashine. Mbweni iko Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, ambayo hufundisha mafundi. Lakini kisiwa hiki kimekwishapata somo lake refu la teknolojia, na somo hilo halikutolewa na kompyuta. Limetolewa na mwani.

Katika miaka ya 1970 Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifanya utafiti uliofungua njia ya kilimo cha mwani katika pwani hizi. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Mmea ulikuwa mgeni, namna ya kuupanda ilikuwa ngeni, na soko lilikuwa geni pia. Katika muda wa miaka michache maelfu ya wanawake wa pwani, ambao hapo kabla fedha zilipitia mikononi mwao kwa nadra, walikuwa wakipokea malipo yao wenyewe. Hapana haja ya kutafuta mfano mwingine wa teknolojia kubadili uchumi wa mkoa. Mfano uko pale maji yanapotoka.

Tatizo lilikuja baadaye. Mwani unaolimwa ni wa aina mbili: spinosamu, ambao ni mvumilivu na bei yake ni ndogo, na kotonii, ambao bei yake ni kubwa zaidi kwa sababu hutoa gundi imara. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 kotonii ulianza kufa katika maji ya kina kifupi, ambayo joto lake lilizidi. Wakulima wa Unguja wakabaki na ule wa bei ndogo. Wanasayansi hawakukaa kimya. Taasisi ya Sayansi za Baharini, iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1978, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa Mizingani katika Mji Mkongwe na sasa ina majengo yake Buyu, ilishughulikia jambo hili. Mtaalamu wake, Dk. Flower Msuya, aliongoza jumuiya ya ubunifu wa mwani iliyoundwa mwaka 2006, ikiwakutanisha wakulima, wanunuzi, watafiti na maofisa wa Serikali. Humo ndimo yalimotoka mafunzo ya kusaga mwani na kutengeneza sabuni, na ndimo ilimojaribiwa njia ya kuulima kotonii katika maji ya kina na ya baridi zaidi, ndani ya wavu mrefu ulioshonwa mfano wa mrija.

Mwani ulimea katika nyavu hizo. Pamoja na hayo, njia hii haikuenea pwani nzima kama ilivyoenea ile ya vijiti baada ya mwaka 1989. Kwa nini? Maji ya kina yanataka chombo, na wanawake wengi hawana chombo. Yanataka kujua kuogelea, na wengi hawakufundishwa. Yanataka nyavu, maboya na nanga, vitu vinavyonunuliwa kwa fedha taslimu kabla kilo moja haijauzwa. Mambo haya hayamhusu mtaalamu wa mimea. Yanamhusu mtu wa hesabu, na hapa ndipo Skuli ya Biashara inapopata kazi yake ya kwanza.

Ichukuliwe hesabu ya mfano tu, ambayo si ya kijiji chochote. Kikundi cha watu 10 kinalima spinosamu kwa vijiti na kupata kilo 300 kavu kwa mwezi. Bei ikiwa shilingi 1,000 kwa kilo, pato ni shilingi 300,000. Kikundi kinashauriwa kuhamia maji ya kina ili kilime kotonii wa shilingi 2,000 kwa kilo. Kwa haraka huonekana kwamba pato litakuwa mara mbili. Lakini nyavu na vifaa vyake vinagharimu shilingi 1,200,000 na vinadumu miaka miwili. Basi kila mwezi vinakula shilingi 50,000. Chombo kinakodiwa kwa shilingi 10,000 kwa safari. Safari tatu kwa kila bamvu, bamvu mbili kwa mwezi, ni shilingi 60,000. Gharama mpya ni shilingi 110,000 kwa mwezi. Ili wanachama wasipungukiwe na kile walichokuwa wakipata zamani, nyavu hazina budi kutoa shilingi 410,000, yaani kilo 205 kavu. Na kwa kuwa kilo moja kavu hutokana na takriban kilo nane mbichi, wavu lazima utoe zaidi ya kilo 1,600 za mwani mbichi kila mwezi.

Sasa swali limebadilika. Mwanzoni lilikuwa: je, kotonii unamea katika wavu? Sasa ni: je, wavu unatoa kilo 205 kavu kila mwezi, pamoja na miezi ya joto na miezi ya pepo kali? Swali la pili ndilo analolihitaji mwanachama kabla ya kukopa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhasibu anaweza kulijibu akipewa takwimu za mwaka mzima. Asipolijibu mtu, kikundi kitakopa kwa matumaini, na nyavu zitaishia kufungia kuku.

Jambo la pili ni bei. Mwani wa Zanzibar hukaushwa, hufungwa na kupelekwa ng'ambo, ambako viwanda huutoa karaginani, ile gundi inayotiwa katika maziwa, dawa za meno na nyama za kopo. Wazalishaji wakubwa wa mwani wa namna hii ni Indonesia na Ufilipino, na kwa hiyo hapana chama cha Unguja kitakachoamua bei ya dunia. Kinachowezekana ni kuijua. Katibu anayekaa mbele ya mnunuzi bila ya kujua bei ya ng'ambo, nauli ya meli wala thamani ya dola wiki hiyo, hana cha kuzungumza; anasikiliza tu. Skuli ya Biashara ingeweza kutoa karatasi moja kila mwezi, yenye tarakimu hizo kwa Kiswahili, ikatumwa kwa simu ya mkononi kwa kila katibu. Kazi hiyo haihitaji jengo jipya wala mfadhili.

Karatasi hiyo ingefaa pia kueleza habari ya kamba. Katika miaka mingi ya kilimo hiki wanunuzi walizoea kuwapa wakulima kamba na vifaa bila ya malipo, kwa sharti kwamba mwani uuzwe kwao peke yao. Mkulima aliambiwa kamba ni ya bure. Lakini bei anayolipwa mtu aliyepewa kamba na bei anayoweza kuidai mtu mwenye kamba yake hazilingani, na tofauti hiyo, ikijumlishwa kwa msimu, ndiyo bei ya kamba. Huenda ikawa bei ya haki. Mnunuzi naye ametoa mtaji wake na amebeba hatari. Ila mwanachama anastahili kuiona imeandikwa. Chama kikiijua, kinaweza kupima kama kukopa katika SACCOS na kununua kamba kwa pamoja ni nafuu au si nafuu.

Kisha kuna sabuni. Kidoti na Paje, miongoni mwa vijiji vingine, wanawake wameonyesha kwamba mwani uliosagwa ukitiwa katika sabuni pamoja na mafuta ya nazi na viungo hupata bei isiyokaribiwa kamwe na mwani mkavu. Wageni huinunua katika maduka ya Mji Mkongwe na kwenye mahoteli. Habari hii ni njema, lakini imerudiwa mno. Semina za kutengeneza sabuni zimekuwa nyingi, semina za kuuza sabuni chache. Vikundi vingi hutengeneza kitu kile kile, hukipeleka kwa duka lile lile, na mwezi wa Aprili mvua za masika zikianza na wageni wakipungua, sabuni hubaki kabatini.

Hapa Skuli ya Biashara ingefanya kazi ambayo chama kimoja kimoja hakiwezi kuifanya. Sabuni inayotaka kuingia katika hoteli kubwa au kuvuka bahari hutakiwa kupita kwenye Taasisi ya Viwango Zanzibar, na kwenye Wakala wa Chakula na Dawa kwa upande wa vipodozi. Jina lake la biashara husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali wa Zanzibar. Makatibu wengi hushangaa kusikia kwamba usajili huo haulindi jina hilo Tanzania Bara. Kule unatakiwa usajili mwingine, kwa BRELA. Chama kinaweza kulijenga jina kwa miaka mitano, kisha kikalikuta Kariakoo juu ya sabuni isiyo na hata punje ya mwani. Meza moja tu pale Chwaka, yenye mwalimu mmoja wa sheria za biashara na wanafunzi wachache wa mwaka wa mwisho, ingetosha kuvipitisha vyama vyote katika ofisi hizo, na kuvishauri vitumie jina moja la pamoja badala ya majina ishirini yasiyojulikana na mtu.

Kushirikiana kwa namna hii si ndoto. Chuo cha Ushirika Moshi kilianzishwa mwaka 1963 kwa ajili ya makatibu na watunza hesabu wa vyama, na mwaka 2014 kikawa chuo kikuu kamili. Kule Mondragon, katika nchi ya Wabaski huko Hispania, mambo yalianza na skuli. Padri José María Arizmendiarrieta alifungua skuli ya ufundi mwaka 1943. Mwaka 1956 wanafunzi wake wa zamani walianzisha kiwanda cha ushirika, na mwaka 1959 benki ya ushirika ilizaliwa. Benki hiyo haikukopesha tu. Ilikuwa na idara yake ya watu wa hesabu waliochunguza kila wazo la kiwanda kipya kabla ya fedha kutoka, na waliokaa karibu na kiwanda hicho baada ya fedha kutoka. Chuo kikuu chao, chenye kitivo cha biashara, kilikuja mwishoni, mwaka 1997. Hata hivyo elimu haikuwa kinga dhidi ya kila kitu: mwaka 2013 kiwanda chao cha vyombo vya nyumbani, kilichotokana na kile cha kwanza, kilifilisika.

Ni haki pia kutaja kwa nini vyuo na vyama hupishana. Wanavijiji wa pwani wamewazoea wanafunzi wanaokuja na karatasi za maswali, wakauliza umri na idadi ya watoto, wakaenda zao. Shahada hupatikana, kijiji hakipati hata ukurasa mmoja. Kosa si la mwanafunzi peke yake. Mwalimu wa chuo kikuu hupandishwa cheo kwa makala zake katika majarida ya kitaalamu, wala hapandishwi kwa sababu hesabu za chama cha Uroa zimenyooka. Kwa hiyo Chama Kikuu kisingoje hisani. Kiandikiane mkataba na chuo: mtafiti akitaka kuingia chamani, arudishe matokeo kwa Kiswahili, kurasa mbili, na ayasome mbele ya mkutano wa wanachama, mwanafunzi wa mazoezi akae kwa msimu mzima, sio wiki sita za jua zuri, na takwimu za chama zibaki kuwa mali ya chama, zitolewe kwa idhini. Masharti haya ni mepesi, na mwalimu mwenye nia hatayakataa.

Mkataba huo utahitaji kitu cha kuanzia, nacho kimo mikononi mwa makatibu. Buyu wanaujua mmea, Mbweni wanaweza kuunda kikaushio, Bweleo wanaweza kuzichambua tarakimu, na Chwaka wanaweza kuzigeuza kuwa uamuzi wa biashara. Lakini tarakimu zenyewe hazina budi zitoke chamani. Daftari la kawaida huonyesha kilo zilizouzwa na shilingi zilizopokelewa. Inafaa, kuanzia bamvu lijalo, ziongezwe safu tatu: saa ambazo wanachama walikuwa majini, kamba na vijiti vilivyopotea, na kilo zilizokufa baharini au zilizoharibiwa na mvua wakati wa kukausha. Safu hii ya mwisho ijazwe kwa tarehe, hata kwa kukisia, maana ndiyo watakayoitaka kwanza Buyu na Chwaka pia.