DAFTARI LA WALIOUMWA NA MBWA

Maneno ya mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, wilaya za Tarime na Serengeti



Katika mikutano mingi ya vyama vya ushirika neno la afya huja mwishoni, kwenye mengineyo, na huja kwa sura ya malalamiko: dawa zimekwisha, mganga hayupo, mgonjwa ameambiwa aende mbali. Malalamiko hayo ni haki ya mwanachama. Lakini lalamiko si kipimo. Karani anayepokea pamba hatosheki kusema kwamba gunia ni zito. Huliweka juu ya mizani, husoma, huandika, naye mkulima hutazama. Huduma ya afya nayo yapasa iwekwe mizanini kwa namna hiyo hiyo, na wale wanaoitoa wasikilizwe kama mkulima anavyosikilizwa kuhusu zao lake.

Kwa leo imechaguliwa huduma moja tu, nayo ni ile anayopewa mtu aliyeumwa na mbwa. Huenda baadhi ya wasikilizaji wakaona ni jambo dogo likilinganishwa na malaria au uzazi. Hata hivyo, hakuna huduma inayofichua udhaifu wa mnyororo mzima kama hii: jokofu, barabara, fedha za nyumbani, ushauri wa muuguzi, na uhusiano wa idara ya afya na idara ya mifugo. Tena, wilaya ya Serengeti ni miongoni mwa sehemu za Afrika ambako kichaa cha mbwa kimechunguzwa kwa makini zaidi na kwa miaka mingi zaidi, hivyo takwimu zipo.

Ugonjwa wenyewe unajulikana. Mate ya mnyama mgonjwa huingia kwenye jeraha. Majuma kadhaa hupita, mara nyingi mwezi mmoja hadi mitatu, mtu akiwa mzima kabisa. Kisha huja homa, hofu ya maji na wehu, na baada ya hapo kifo, ambacho hakuna hospitali yoyote inayoweza kukitegemea kukizuia. Kabla ya dalili, lakini, kinga ni ya hakika: kuosha jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha kuchanjwa bila kuchelewa. Ni maradhi machache mno ambayo tofauti kati ya kupona na kufa hutegemea tu kama chupa fulani ndogo ilikuwapo mahali fulani siku fulani.

Katika vijiji vya mkoa wa Mara mbwa si pambo. Hulinda zizi dhidi ya fisi na wezi, hufuatana na watoto machungani, na hulala mlangoni. Watafiti waliofuatilia ugonjwa huu katika wilaya ya Serengeti kuanzia mwaka 2002 walikadiria kwamba wilaya hiyo peke yake ilikuwa na mbwa wapatao 50,000. Wengi hudhani kwamba ugonjwa hutoka mbugani. Uchunguzi umeonyesha kinyume: mbwa wa nyumbani ndiye anayeuhifadhi na kuusambaza, naye mnyama wa porini mara nyingi ni mwathirika kama mtoto au ng'ombe. Upande wa Tarime kuna jambo la kuongeza, kwamba mpaka wa Kenya u karibu, na mbwa hana pasi ya kusafiria.

Ushahidi wa kwanza mkubwa ulipatikana kati ya mwaka 1996 na 2001. Mbwa wa vijiji vya Serengeti walichanjwa kwa kampeni zilizorudiwa, zikafikia takriban theluthi mbili ya mbwa wote. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba ugonjwa kwa mbwa ulishuka kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza, na kwa asilimia 97 baada ya ya pili. Idadi ya watu waliofika hospitali kwa kuumwa ikapungua pia, ilhali katika wilaya ya Musoma, ambako chanjo haikutolewa kwa mpango huo, haikupungua. Ifahamike kilichotumika kupima upande wa binadamu: ni daftari la hospitali, lile ambalo muuguzi huandika jina, umri, kijiji na mnyama aliyeuma. Muuguzi aliyeandika safu hizo kwa uaminifu alikuwa akifanya tathmini bila kuambiwa.

Marehemu Dakta Magai Kaare, daktari wa mifugo Mtanzania aliyefariki mwaka 2008, alikuwa miongoni mwa waliosimamia kazi hiyo. Matokeo ya utafiti wake yaliyotoka mwaka 2009 yalilinganisha njia za kuchanja: katika vijiji vya wakulima wafugaji ilitosha kuita watu walete mbwa mahali pamoja, lakini kwa wafugaji waliotawanyika njia hiyo ilifikia mbwa wachache mno, ikabidi mchanjaji awafuate. Wasimamizi wanaotaka mpango mmoja kwa nchi nzima hawana budi kulisoma jambo hilo mara mbili.

Sasa, vifo. Mwaka 2002 jarida la Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio kwamba Watanzania wapatao 1,500 walikuwa wakifa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, na kwamba idadi halisi yaweza kuzidi ile iliyoandikwa rasmi hadi mara 100. Tofauti hiyo haikutokana na udanganyifu. Mgonjwa aliyekwisha kuona dalili mara nyingi hufia nyumbani, au hudhaniwa amerogwa, au ana malaria ya kichwani; na hata akifikishwa hospitali, ndugu humchukua mara wanapoambiwa hakuna tiba. Kifo ambacho hakikuandikwa hakiagizi chanjo. Bohari hupeleka kulingana na mahitaji yaliyoonekana, na mahitaji hayo yameonekana kidogo.

Kuna sababu nyingine ya watu kutofika, nayo inastahili heshima badala ya kejeli. Si kila aumwaye na mbwa mwenye kichaa hupatwa na ugonjwa. Kwa makadirio ni kama mmoja kati ya watano au sita wasiotibiwa. Maana yake ni kwamba mganga wa mitishamba anayewatibu watu watano huwaona wanne wakiendelea kuishi, nao humshukuru na kumsifu kijijini. Yule wa tano huzikwa baada ya miezi miwili, wakati kidonda kilikwisha kupona na kusahauliwa. Mwanakijiji anayetegemea macho yake hana kosa la kufikiri. Amekosa hesabu tu.

Upande wa mfanyakazi wa afya, mambo yako hivi. Zahanati ya kijijini haina chanjo hiyo; kwa kawaida imekuwa ikipatikana hospitali ya wilaya au kituo kikubwa, na huko nako haipatikani nyakati zote. Baba huja na mtoto aliyeumwa mguuni. Muuguzi huosha jeraha, huchoma sindano ya pepopunda ikiwapo, kisha huandika barua ya rufaa kwenda Mugumu au Tarime mjini. Anajua kwamba kutakuwa na nauli ya watu wawili, chakula, na malipo ya chanjo, ambayo yamekuwa yakifikia makumi ya maelfu ya shilingi kwa dozi moja. Na dozi si moja. Anajua pia kwamba malipo ya kahawa au tumbaku hayajatoka. Baba hupokea barua, hushukuru, huondoka. Muuguzi hana njia ya kujua kama alipanda gari au alirudi nyumbani, isipokuwa siku ambayo mtoto huyo huyo analetwa akiogopa kikombe cha maji. Siku hiyo hakuna cha kufanya ila dawa ya kumtuliza, kumtenga, na kuwaambia wazazi ukweli. Watumishi nao huingiwa na hofu, kwa sababu wamemshika na mate yamewagusa. Hofu hiyo hubaki nao baada ya zamu kwisha, na hakuna fomu yenye nafasi ya kuiandika.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu Serengeti na Ngorongoro ulitaja vikwazo vya kupata kinga: gharama, ukosefu wa chanjo, na wakati mwingine ushauri usio sahihi wa watumishi wenyewe. Hili la tatu lisifichwe. Mtumishi aliyehamia kutoka mkoa mwingine na ambaye hajawahi kuona ugonjwa huu aweza kumwambia mgonjwa kwamba jeraha dogo halina neno. Lawama peke yake haimfundishi. Mafunzo humfundisha, lakini aliyefundishwa huhamishwa, na zahanati huanza upya.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza utaratibu mfupi: sindano ndogo mbili ndani ya ngozi siku ya kuumwa, siku ya 3 na siku ya 7, badala ya utaratibu wa zamani wa sindano za msuli ambao uliweza kufika siku ya 28. Kwa njia ya ngozi kichupa kimoja huweza kuhudumia wagonjwa kadhaa. Ila kikishafunguliwa yafaa kitumike ndani ya saa 6 hadi 8, na hapo ndipo mtumishi hukwama: amekuja mgonjwa mmoja tu, je, afungue kichupa na kumwaga kinachobaki, au amwambie asubiri? Jibu kwa siku ya kwanza ni kufungua. Uhai haungoji wenzake. Lakini kwa siku zinazofuata wagonjwa waweza kupangwa, na mbwa mmoja mgonjwa mara nyingi huuma watu kadhaa wa mtaa mmoja, ambao tarehe zao hulingana.

Katika mwaka huo huo wa 2018 ulianza utaratibu wa idara mbili kushirikiana, katika wilaya kadhaa za mikoa minne, Mara ukiwa mmojawapo. Mtumishi wa afya anapompokea aliyeumwa humwuliza habari za mnyama: je, alikuwa na tabia gani, yu hai, amefungwa, ametoweka? Akiona hatari humpigia simu afisa mifugo, naye huenda kumchunguza mnyama. Mbwa aliye hai na mwenye afya siku 10 baada ya kuuma hakuwa akiambukiza siku ile, na mgonjwa aweza kuachishwa chanjo, ikabaki kwa mwenye kuihitaji. Ni mpango mzuri. Ugumu wake ni ule ambao kila katibu anaujua katika kazi zake: simu haina mtandao, pikipiki ya afisa haina mafuta, na aliyejifunza kujaza taarifa amehamishwa. Aidha wanakijiji, kwa hasira inayoeleweka, humwua mbwa na kumtupa mtoni, na ushahidi ukapotea naye. Mzoga uachwe bila kuguswa kwa mikono mitupu, na afisa mifugo apewe habari siku hiyo hiyo.

Kuhusu chanjo ya mbwa, habari ni njema. Mwaka 2016 ilichapishwa kwamba aina moja ya chanjo inayotumika huhifadhi nguvu yake kwa miezi 6 katika joto la nyuzi 25, na miezi 3 katika nyuzi 30. Yaani si lazima ilale kwenye jokofu la wilaya ikingoja kampeni. Yaweza kukaa kijijini katika chombo cha udongo kinachopozwa kwa maji, na watoto wa mbwa wakachanjwa mwaka mzima kadiri wanavyozaliwa. Majaribio ya njia hiyo yamefanyika katika mkoa huu wa Mara.

Vyama vya msingi vina nafasi gani hapa? Chama hakinunui chanjo za binadamu wala hakiajiri wauguzi. Lakini chama kina vitu vitatu ambavyo zahanati haina: fedha kidogo inayozunguka, orodha ya kaya, na katibu anayeandika. Mkutano mkuu ukiridhia, mwanachama ambaye mtu wa nyumba yake ameumwa aweza kupewa siku hiyo hiyo nauli na malipo ya chanjo, yakakatwa kwenye mazao yake msimu ukifika. Barua ya rufaa ya zahanati iwe hati ya kutosha. Mgonjwa asizungushwe kutafuta sahihi za wajumbe watatu.

Daftari la chama kwa kazi hiyo halihitaji safu nyingi: jina la kaya, tarehe ya kuumwa, kama jeraha liliooshwa, mbwa ni wa nani na yuko wapi, tarehe aliyofika hospitali, na alama tatu za siku ya kwanza, ya 3 na ya 7. Alama ya tatu isipowekwa, katibu atume mtu nyumbani kuuliza. Nakala ya ukurasa ipelekwe kila robo mwaka kwa mganga mfawidhi wa zahanati na kwa afisa mifugo wa kata, wote wawili siku moja, kwa sababu wao wenyewe huwa hawakutani. Katika kulinganisha na madaftari ya zamani ya hospitali, makatibu wa Tarime wakumbuke kwamba takwimu za kabla ya Rorya kuwa wilaya mwaka 2007 zinajumuisha vijiji vya Rorya, hivyo upungufu unaoonekana katika miaka hiyo yaweza kuwa ni mpaka uliohama, wala si mbwa waliopona.