Kabla ya Kuilaumu Pampu

Msikilizaji, gari la dizeli likilala zima hapa Bendera, wilayani Same, na asubuhi likagoma kuwaka, hukumu hutoka haraka: pampu imekufa. Mwenye gari anaanza kupiga simu kutafuta fedha, pampu inafunguliwa na kupakiwa kwenye basi, na gari linabaki boneti wazi chini ya mti. Nasema hukumu hiyo hutolewa mapema mno. Kabla ya kuigusa pampu, akaguliwe kwanza jirani yake, yaani kichwa cha chujio na valvu zake.

Nichukue gari tunalolijua wote, Land Cruiser ya mkonga yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita. Gari hili halina pampu ya umeme ndani ya tangi. Pampu yake kubwa, iliyo kwenye injini, ndiyo inayoyavuta mafuta kutoka tangini kupitia kwenye chujio. Tangi liko chini, chujio liko juu, na juu ya chujio kuna pampu ndogo ya kubonyeza kwa mkono. Ndani ya hiyo pampu ya mkono mna valvu mbili. Moja hupokea mafuta yanayotoka tangini, nyingine huyapitisha kwenda mbele. Zote mbili zina njia moja tu.

Valvu ikichoka au ikibanwa na uchafu, usiku mafuta hurudi tangini na hewa hushika nafasi yake. Asubuhi utapiga stata mpaka betri ilie. Valvu ikifungwa kinyume, au mipira ya kuingia na kutoka ikibadilishana nafasi, utabonyeza pampu ya mkono mpaka kidole gumba kiume, na mafuta hayaendi mbele.

Sasa sikiliza jambo linalowapoteza wengi. Fundi hupitisha kitambaa kwenye viungo vyote, akikuta pakavu anasema hakuna panapovuja. Lakini injini inapofanya kazi, njia ya kutoka tangini mpaka pampu kubwa huwa inavutwa. Mrija wa soda ukiwa na ufa, soda haimwagiki. Unavuta hewa tu. Ndivyo ilivyo hapa: kiungo kikavu kabisa kinaweza kuwa ndicho mwizi. Na msisahau koki ya chini ya chujio, ile ya kutolea maji. Oringi yake ikikatika, au koki isipofungwa sawasawa, hewa huingia hapo hapo.

Kipimo chake si cha gharama. Weka kipande cha mpira unaopitisha mwanga kati ya chujio na pampu kubwa, washa gari, utazame mapovu. Yakionekana, lisha injini kwa muda kutoka kwenye kidumu safi cha dizeli, ukiiruka njia ya tangi. Mapovu yakiisha, kosa liko kwenye njia ya tangi. Yakiendelea, rudi kwenye kichwa cha chujio.

Kazi ya kufunga nayo ina adabu yake. Barabara yetu ya Same, Kisiwani mpaka Mkomazi ina vumbi la kutosha, kwa hiyo osha kichwa cha chujio kabla ya kufungua chochote. Piga picha kwa simu, uone kila mpira ulikotoka na mshale wa valvu unaelekea wapi. Oringi iwe mpya na ya saizi ile ile, ipakwe dizeli safi. Washa za shaba zilizokwisha kubanwa zisirudishwe. Nati ianze kwa vidole, spana ifuate, maana nyuzi za kichwa cha alumini huliwa upesi. Silikoni usiipake: vipande vyake hubanduka na kusafiri na mafuta. Ukimaliza, bonyeza pampu ya mkono, legeza nati ya upande wa kutokea, acha povu litoke mpaka dizeli itiririke bila hewa, kisha kaza.

Wapo mafundi wanaoitoa valvu wakaunganisha mpira moja kwa moja, gari likawaka, wakalipwa. Siungi mkono kazi hiyo. Pampu kubwa hulainishwa na dizeli ile ile inayopita ndani yake. Ukiipa hewa kila siku, itakufa kweli, na safari hii hukumu itakuwa ya haki.

Kwetu hili si jambo la starehe. Magari haya ndiyo yanayopanda kufuata tangawizi ya Mamba Miamba, na ndiyo yanayoshusha wagonjwa usiku kutoka vijiji vya juu. Gari likizima kwenye kona za mlima, anayelipa si mwenye gari peke yake.

Kwa hiyo, mwenye gari, usikubali pampu ifunguliwe kabla hujaonyeshwa mapovu kwa macho yako, na kila kifaa kilichobadilishwa udai kile cha zamani ukione. Nawe fundi, anza na kitu cha bei ndogo. Mteja uliyemwokolea fedha zake leo ndiye atakayekuletea gari la jirani yake kesho.