Mguu Ukivimba Ghafla, Usingoje

Damu ikiganda kwenye mshipa wa mguu, bonge laweza kung'oka, likafika mapafuni na kuua ghafla. Zamani madaktari walifunga mshipa mkuu wa tumboni ili kulizuia. Mwaka 1973, daktari Lazar Greenfield wa Marekani alieleza kichujio cha waya chenye umbo la koni na miguu sita: hunasa bonge huku damu ikiendelea kupita. Lakini kichujio hakiyeyushi bonge. Hutumika hasa kwa mgonjwa asiyeweza kupewa dawa za kuzuia damu kuganda. Kwa hivyo, mguu mmoja ukivimba na kuuma, hasa baada ya upasuaji au kujifungua, usiukande. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Pumzi ikikatika ghafla, usingoje kuche.