Yubile ni Mwaka wa Kuachilia

Maneno yaliyonenwa mbele ya mapadre, walimu na wazee wa makanisa katika sikukuu ya yubile ya dayosisi



Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii ya leo. Wengi walioianza kazi hii hawapo tena. Wamelala katika makaburi yaliyo kando ya makanisa yetu, na sisi twavuna mahali walipopanda wao. Katika siku hizi za furaha tutasikia habari nyingi za miaka iliyopita, za makanisa yaliyojengwa, na shule zilizofunguliwa, na watu waliobatizwa. Habari hizo ni njema, na yafaa zisimuliwe. Walakini sisi tumepewa kazi ya kufungua Maandiko, nasi tumeona vema kuuliza swali moja tu. Neno hili yubile, ambalo twalitamka kila siku, maana yake nini kwa Mungu aliyeliweka?

Wazee wetu wa pwani walisema, La mgambo likilia lina jambo. Pembe haikupigwa bure mjini. Aliyeisikia aliacha jembe lake au wavu wake, akaenda kusikiliza amri. Ndivyo ilivyokuwa katika Israeli pia. Jina la yubile latoka katika neno la Kiebrania la kondoo dume na pembe yake, maana mwaka ule ulitangazwa kwa kupiga pembe katika nchi yote. Basi kwetu pembe imekwisha kulia. Na tulitafute jambo lake.

Jambo lake limeandikwa katika Mambo ya Walawi, mlango wa 25. Israeli waliamriwa wahesabu miaka saba mara saba, yaani miaka 49, na mwaka wa 50 wautakase. Pembe ilipigwa siku ya kumi ya mwezi wa saba, na siku hiyo ndiyo Siku ya Upatanisho, ambayo kuhani mkuu aliingia patakatifu kwa ajili ya dhambi za watu wote. Tulitafakari jambo hili, ndugu zetu, maana si la bahati. Watu walisamehewa na Mungu, na siku iyo hiyo wakaambiwa wawaachilie wenzao. Msamaha walioupokea haukulala usiku mmoja mikononi mwao kabla ya kutakiwa kuutoa.

Na amri zenyewe zilikuwa tatu. Ardhi ipumzike, isipandwe wala isivunwe kwa ghala. Kila mtu arudi katika shamba la baba zake, hata kama aliliuza kwa shida. Tena Mwisraeli aliyejiuza kwa nduguye kwa sababu ya umaskini atoke, yeye na watoto wake. Hata bei ya shamba ilihesabiwa kwa yubile. Ikiwa miaka iliyosalia ni mingi, bei ilikuwa kubwa. Ikiwa ni michache, ilikuwa ndogo. Kama vile mtu akodishavyo minazi kwa miaka kadhaa, naye aliyekodi anunua nazi, hanunui mti. Sababu ya hayo Mungu aliieleza mwenyewe: nchi ni yake, na watu wake ni wageni na wapangaji ndani yake. Tena hao ni watumwa wake yeye, aliowatoa Misri. Hawawezi kuuzwa kama mali ya mtu mwingine.

Hapa wako watakaotuuliza swali, nao wana haki ya kuuliza. Katika mlango uo huo imeandikwa kwamba Mwisraeli aweza kuwanunua watu wa mataifa mengine, na kuwarithisha watoto wake milele. Pembe ya yubile haikuwahusu hao. Hatuwezi kuyafunika maneno hayo kwa kitambaa, maana watu wengi wameumizwa nayo. Katika Marekani, wenye kuuza na kununua watu waliyategemea maneno kama hayo ili kutuliza dhamiri zao, na wahubiri wengine waliwasaidia. Basi mwalimu akiulizwa na kijana jambo hili asikasirike, wala asimwambie anyamaze. Ampeleke Nazareti.

Maana ndiko Bwana wetu alikoifungua yubile yote. Luka atuambia ya kuwa aliingia katika sinagogi siku ya sabato, akapewa chuo cha Isaya, akasoma mahali panapotangaza kufunguliwa kwao waliofungwa na mwaka uliokubaliwa wa Bwana. Akakifunga chuo, akamrudishia mtumishi, akaketi, na macho ya wote yakamkazia. Akawaambia ya kuwa Andiko hilo limetimia siku ile masikioni mwao. Nao wakamshuhudia, wakastaajabia maneno yake ya neema.

Lakini hakuishia hapo. Aliwakumbusha ya kuwa siku za njaa Eliya hakutumwa kwa mjane yeyote wa Israeli, ila kwa mjane mmoja wa Sarepta katika nchi ya Sidoni. Na ya kuwa siku za Elisha aliyetakaswa ukoma alikuwa Naamani Mshami, mgeni, tena jemadari wa adui zao. Mara wale waliostaajabu wakajaa ghadhabu. Wakaondoka, wakamtoa nje ya mji, wakampeleka ukingoni mwa mlima ili wamtupe chini. Waliifurahia yubile iliyowafungua wao. Waliikasirikia ilipomfungua yule waliyemwita mgeni. Ukuta ule uliosimama katika sheria ya kale Bwana aliuvunja siku ile kwa maneno machache, naye nusura auawe kwa ajili yake. Na Paulo aliyafuata maneno hayo alipomrudisha Onesimo kwa Filemoni. Alimwandikia ampokee kama ndugu mpendwa, zaidi ya mtumwa. Tena kama ana deni lolote, lihesabiwe juu yake yeye Paulo.

Pwani yetu hii yaijua habari hiyo kwa mwili wake. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Dokta Steere walipofika Unguja, Sultani Majid aliwapa watoto wachache waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao alikuwa John Swedi, naye mwaka 1879 akawa shemasi. Cecil Majaliwa naye alikuwa ameonja utumwa, na mwaka 1890 akawekwa kuwa kasisi, akafanya kazi ya Injili katika nchi ya Ruvuma. Mtoto aliyefunguliwa alikua akawa mfunguaji. Na Maandiko tunayosoma kwa Kiswahili yana jasho la watu wa namna hiyo, waliokaa na Steere na kumwambia neno hili lafaa, na lile halifai.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, kwa mkataba aliotiwa sahihi Sultani Barghash. Sikukuu ya Noeli ya mwaka uo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini, mahali palipokuwa soko. Habari hiyo twaipenda, na tumeisimulia mara nyingi. Lakini kuna sehemu yake ambayo husimuliwa kwa nadra. Soko lilifungwa mwaka 1873, na sheria ya utumwa katika Unguja haikuondolewa hata mwaka 1897. Kwa muda wa miaka 24 hapakuwa na mnada tena, na watumwa walikuwa wangali majumbani na mashambani. Hata sheria ya mwaka 1897 haikuwahesabu masuria; hao walingoja hata mwaka 1909. Basi waliokuwa karibu zaidi na kitanda cha bwana wao na jiko lake ndio waliofunguliwa mwisho. Kufunga soko la mbali ni jambo moja, na kumwachilia mtu aliye ndani ya nyumba yako ni jambo la pili, tena ni zito kuliko la kwanza.

Na kuna hatari nyingine, ambayo Yeremia ametuandikia katika mlango wa 34. Jeshi la Babeli lilipouzunguka Yerusalemu, mfalme Sedekia na wakuu wake walifanya agano, wakawaacha huru watumwa wao Waebrania, waume kwa wake. Jeshi lilipoondoka kwa muda kitambo, waliwarudia watu wale wale, wakawatia utumwani tena. Waliachilia walipoogopa, walipopata nafasi ya kupumua walitwaa tena. Mungu aliwahesabia jambo hilo kuwa ni kulitia unajisi jina lake. Ndugu zetu, na tuogope yubile ya namna hiyo. Ngoma zitanyamaza, mahema yatakunjwa, wageni watarudi kwao. Je, Jumatatu tutakuwa tumemwachilia nani ambaye Jumapili alikuwa bado amefungwa?

Maana wako waliofungwa katikati yetu. Yuko mjane ambaye mumewe alizikwa, na kabla ya kwisha siku za matanga shemeji zake walikuwa wamekwisha kulipima shamba kwa kamba. Wako yatima ambao minazi yao yaangushwa na mtu mwingine, naye husema anawatunzia, na hesabu hawajaiona. Yuko mtu aliyekopa fedha za dawa ya mtoto. Mtoto amekwisha kufa, na riba ingali hai. Wazee husema, Kukopa harusi, kulipa matanga; na kwa huyu kukopa kwenyewe kulikuwa matanga. Hatusemi kwamba mwenye uwezo asilipe, maana dawa ya deni ni kulipa, na Mkristo anayemkimbia mdai wake aliaibisha kanisa. Twasema habari za yule asiye na kitu, ambaye sisi twajua ya kuwa hana, na bado twamdai mbele za watu.

Tena yuko binti aliyeletwa kutoka shamba kuja kulea watoto wetu. Huamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Mshahara wake wawekwa na bibi wa nyumba, na siku ya kuutaka huonekana mkaidi. Siku ya Jumapili sisi twaenda kanisani, naye hubaki apike. Aliahidiwa shule, na shule hajaiona. Tusimwite mtumwa, maana si mtumwa, na neno hilo lisitumiwe ovyo. Lakini na tuulize kama pembe ya yubile imesikika jikoni.

Na wako ndugu wawili waketio katika benchi moja la kanisa, wapokeao katika kikombe kimoja, wala hawasalimiani, kwa sababu ya mpaka wa shamba ambao waliougombania kwanza ni baba zao, na hao baba wamekwisha kupatana kaburini.

Tufanyeje basi? Nehemia atuonyesha njia. Katika siku zake maskini walilia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka, na watoto wao wametiwa utumwani. Nehemia alikasirika, kisha, asema, akashauriana na moyo wake. Alipowakemea wakuu katika mkutano, walinyamaza, wasione la kusema. Ndipo akasema neno la ajabu. Alikiri kwamba yeye mwenyewe na ndugu zake na watumishi wake wamewakopesha watu fedha na nafaka, akasema, Na tuiache riba hii. Hakusema, Waacheni ninyi. Kisha akawaita makuhani, akawaapisha wakuu, maana alijua ya kuwa maneno ya mkutano huyeyuka. Nao wakarudisha mashamba, na mizeituni, na nyumba.

Ninyi walimu wetu, neno hili ni lenu kwanza. Watu hawasomi Biblia yenu iliyo juu ya meza. Wasoma ile mnayotembea nayo njiani. Mwalimu akihubiri habari za msamaha, naye ana mtu ambaye hamsalimu, wanafunzi wajua, na mama zao wajua. Asiyeweza kuwa wa kwanza kwenda kubisha hodi kwa adui yake, asimtume Mkristo wake aende.

Basi shauri letu ni dogo. Kabla hazijazimwa taa za sikukuu hii, kila mmoja wetu na atafute mtu mmoja tu wa kumwachilia. Ikiwa ni deni la asiye na kitu, na alifute katika daftari, na mwenye deni aone likifutwa. Ikiwa ni shamba la mjane, na lirudishwe mbele ya wazee, kwa maandishi, ili watoto wetu wasije wakalitwaa tena kama Sedekia. Ikiwa ni binti wa nyumbani, na apewe mshahara wake mkononi, na Jumapili yake, na kitabu chake. Ikiwa ni ugomvi, na aende usiku, bila tarumbeta, akabishe hodi. Huenda mlango usifunguliwe siku ya kwanza. Na arudi siku ya pili.

Miaka tuliyoihesabu imekwisha kupita, na hesabu yake twamwachia Mungu. Bwana aliyekifunga chuo pale Nazareti, akaketi, na macho ya wote yakimtazama, atuangalia sisi leo kwa macho yake. Na atupe neema ya kuachilia sawasawa na tulivyoachiliwa, ili mjane, na yatima, na mdaiwa, na mgeni waliomo katika dayosisi hii wajue ya kuwa pembe imelia, na ya kuwa ilikuwa na jambo.

Utukufu una Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.