Tusimwekee Kipofu Kikwazo

Neno: Walawi 19:14

Katika andiko hili Mungu anakataza kumtukana kiziwi na kumwekea kipofu kikwazo njiani. Tukisoma hivyo, tunawaza jiwe ao shimo. Lakini uongo pia ni kikwazo.

Wengi wetu tuna ndugu huko Marekani. Kule kuna mbwa wanaofundishwa kumwongoza kipofu, ao kumjulisha kiziwi kwamba mtu anabisha mlango. Sheria ya haki za walemavu ya mwaka 1990 inamruhusu mbwa huyo kuingia na mwenye kumtumia katika duka na hoteli. Mwenye duka hana ruhusa ya kudai karatasi. Kama kazi ya mbwa haionekani wazi, anauliza maneno mawili tu: je, mbwa anahitajiwa kwa sababu ya ulemavu? Na amefundishwa kazi gani?

Basi, watu wazima wenye macho yao wanatumia mlango huo kwa hila. Wanamvika mbwa wa nyumbani koti la kazi, wanasema ni kiongozi wao. Mbwa huyo anabweka, anauma watu. Kesho kipofu wa kweli akifika, anatazamwa kama mwongo.

Ndiyo sababu katika jimbo la California mdanganyifu huyo anaweza kufungwa mpaka miezi 6, ao kulipa faini mpaka dola 1000, ao vyote viwili. Florida ni mpaka siku 60 za jela na faini mpaka dola 500, tena masaa 30 ya kutumikia walemavu. Na tusikie vizuri: sheria ileile inampa adhabu ileile mtu anayemzuilia mlemavu mwenye mbwa wa kweli asiingie. Anayeingia kwa uongo na anayefunga mlango, wote wawili wanamwonea mtu mmoja.

Kwetu Congo, kipofu anaongozwa na mtoto aliyeshika fimbo. Katiba yetu, kifungu cha 49, inampa haki ya kulindwa. Lakini anayejifanya kilema sokoni ili apate franga, anamwibia kilema wa kweli huruma ya watu. Na ndugu wa protokoli anayemfukuza yule mtoto mlangoni mwa kanisa, amemfukuza na kipofu.

Jumapili hii tuwaachie nafasi ya mbele, wote wawili. Mungu atusaidie. Amina.