Uzio Hulipiwa kwa Mita, si kwa Ekari

Fundi akiwatajia bei ya uzio kwa ekari, msikubali kabla hamjapima mzingo. Shamba la mita 40 kwa 100 na lile la mita 20 kwa 200 yana eneo lilelile, mita za mraba 4,000, yaani karibu ekari moja. Lakini mzingo wa la kwanza ni mita 280. Wa la pili, 440. Kwa uzio wa seng'enge wenye mistari minne, tofauti hiyo ni mita 640 za waya, mbali na nguzo. Toeni upana wa lango kabla ya kuzidisha. Na urefu wa kila roli la waya usomeni kwenye lebo. Muuzaji asiukadirie kwa macho.