Mkazo na Mapigo Katika Kusema Kiingereza



Nahodha mmoja wa Diani na aulizwe na mgeni nauli ya mashua kwenda mwambani. Nauli ni dola 15, naye ajibu "fifteen". Herufi zote zimetamkwa sawasawa, ila mkazo ameutia katika silabi ya kwanza, kwa desturi ya Kiswahili ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Mgeni asikia "fifty", yaani 50, atikisa kichwa, aenda zake. Hapana aliyesema uongo, na fedha imepotea.

Wanafunzi wengi wa Kwale hujitahidi sana katika herufi na sarufi, wakausahau mkazo. Lakini jambo hili si geni kwao. Mtu wa Ukunda hutofautisha barabara ya Lungalunga, ambayo mkazo wake u katika "ba" ya pili, na kazi iliyofanywa barabara, ambayo mkazo wake u katika "ra" ya kwanza. Kidigo nacho hutumia kupanda na kushuka kwa sauti, hata Mdigo ana sikio lililokwisha kufundwa nyumbani. Katika Kiswahili maneno ya namna ya "barabara" ni machache. Katika Kiingereza hayahesabiki. Hospitali ya Msambweni hukazwa "ta", na Mwingereza hukaza "hos". Kalenda hukazwa "le", naye hukaza "ka". Neno hoteli, kwa bahati njema, mkazo wake haukuhama.

Liko na jambo la pili, nalo ni gumu zaidi. Mswahili huipa kila silabi haki yake, na vokali zake hubaki safi. Mwingereza huzipa haki silabi zenye mkazo tu. Nyingine huzimeza, na vokali zake hufifia hata zikawa kama pumzi. Na asemwe "boats come", kisha "the boats have come", kisha "the boats will have come". Maneno yameongezeka, lakini mapigo makubwa yamebaki mawili, "boats" na "come", na muda kati yake hauongezeki sana. Aliyepata kusikiliza ngoma ya sengenya ataelewa: pigo kubwa hungojewa mahali pake, na madogo hujibana katikati. Mwaka 1945 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Pike, alizitenga lugha za mapigo na lugha za silabi. Waliopima baadaye kwa mitambo waliona kwamba mapigo hayo hayalingani kama saa. Hata hivyo sikio la Mwingereza huyategemea.

Kwa hiyo mwanafunzi apige kofi penye mkazo tu, ayapitishe mengine upesi. Tena kamusi nyingi za Kiingereza huweka kistari kidogo juu, mbele ya silabi yenye mkazo. Wengi hukiruka kistari hicho kana kwamba ni uchafu wa wino.

Ama yule nahodha, aikaze "teen" na kuivuta. Lakini asiutegemee mkazo peke yake, maana Waingereza wenyewe, wahesabupo mfululizo "thirteen, fourteen, fifteen", huurudisha mkazo mbele. Baada ya kutaja bei, na aongeze "one, five", au aiandike mchangani kwa kidole.